Mbofyo si Mteja: Namna ya Kuinusuru Kampeni ya Matangazo Inayokula Mtaji

Maelezo yaliyotolewa kwa wajasiriamali wadogo wa Kinondoni na Temeke



Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kunisikiliza. Najua wapo miongoni mwenu waliofunga duka Tandika au karakana Keko, na wapo waliotoka Bunju na Tegeta wakapanda magari mawili au matatu kufika hapa. Saa moja ya mfanyabiashara mdogo ina thamani yake, nami nitajitahidi nisiipoteze.

Nimeombwa nizungumzie matangazo ya mtandaoni yanayolipiwa kwa kila mbofyo, na hasa swali linaloulizwa na wengi: nifanye nini na tangazo linalokula fedha bila kurudisha? Swali hili si dogo. Fedha inayoingia katika tangazo la namna hii mara nyingi si ziada. Ni mkopo wa kikundi, ni zamu ya mchezo, ni ada ya mtoto iliyosogezwa mbele kwa mwezi mmoja kwa matumaini kwamba wateja watakuja. Wasipokuja, marejesho ya kikundi hayasubiri.

Husemwa sokoni kwamba biashara ni matangazo. Usemi huo ni wa kweli, lakini haujakamilika. Unakamilishwa na methali tuliyoachiwa na wazee: mali bila daftari hupotea bila habari. Maelezo yangu yote ya leo yamesimama juu ya methali hiyo.

Tuanze kwa kuelewa kitu tunachokinunua. Utaratibu wa kulipia mbofyo ulianza kushika mizizi nchini Marekani mwaka 1998, pale kampuni ya GoTo.com ilipoanza kuuza nafasi katika matokeo ya utafutaji kwa mnada, na mtangazaji akatozwa pale tu mtu alipobofya. Google walianzisha huduma yao ya matangazo, AdWords, mwaka 2000, na mwaka 2002 wakaiweka katika utaratibu huo wa mnada na mbofyo. Tangu mwaka 2018 huduma hiyo inaitwa Google Ads. Facebook na Instagram kwa kawaida hutoza kwa kuhesabu mara ambazo tangazo limeoneshwa, lakini hesabu nitakazozieleza zinafaa huko pia.

Ili tuelewane vyema, nendeni kwa fikra hadi kituo cha Mbagala Rangi Tatu. Mpiga debe huita abiria, na malipo yake hutoka gari linapojaa. Sasa fikirini mpiga debe wa aina nyingine, anayedai malipo kila mtu anapochungulia mlangoni na kuuliza, "Hii inakwenda wapi?" Awe amepanda au hakupanda, umelipa. Huyo wa pili ndiye mtandao. Hakudanganyi, kwa maana mkataba wake ni wa kuleta wanaochungulia. Kosa linakuwa letu tunapohesabu wanaochungulia tukadhani tunahesabu nauli.

Basi neno langu la msingi ni hili: mbofyo si mteja. Mbofyo ni gharama. Mteja ni yule aliyelipa, na faida ni kile kinachobaki baada ya kulipia bidhaa, kazi na tangazo lenyewe.

Sasa tuingie katika hesabu. Mfano huu nimeutunga mwenyewe ili tarakimu zake ziwe nyepesi kufuata. Kila mmoja ataweka za kwake. Tuseme yupo fundi seremala wa Keko anayeuza kitanda kwa shilingi 650,000. Mbao, rangi, misumari, ufundi na pango la karakana vinamgharimu 530,000. Kabla ya tangazo, kila kitanda kinamwachia 120,000. Kwa mwezi mmoja ametumia shilingi 300,000 kwenye matangazo ya utafutaji, akapata mibofyo 1,500, yaani shilingi 200 kwa kila mbofyo. Katika hao 1,500, watu 30 walipiga simu au kutuma ujumbe, na wawili wakanunua.

Akitazama ukurasa wa kampeni, fundi ataona mibofyo 1,500 na atafurahi. Akitazama daftari, ataona vitanda viwili vilivyomwachia 240,000, na tangazo lililomtoa 300,000. Amefanya kazi mwezi mzima, na kwa upande wa tangazo amepata hasara ya shilingi 60,000.

Hapo wengi hukimbilia mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza huongeza bajeti, akiamini kwamba fedha zikiongezeka wateja nao wataongezeka. Kwa kweli kitakachoongezeka kwanza ni hasara. Wa pili huzima kila kitu na kutangaza kwamba mtandao ni wizi. Huyo wa pili ana nafuu kuliko wa kwanza, lakini naye hajajua kilichomwangusha, na mwakani atarudia.

Njia ya tatu ni kujua kiwango chako cha juu. Mnunuzi mmoja alipatikana katika kila mibofyo 750. Gawanya faida ya kitanda kimoja, 120,000, kwa 750. Utapata shilingi 160. Hicho ndicho kiwango ambacho fundi huyu anaweza kulipia mbofyo mmoja bila kupata wala kupoteza. Alikuwa analipa 200, kwa hiyo kila mbofyo ulimpotezea shilingi 40. Sasa tatizo lina jina na lina kipimo. Milango ya kutokea ni miwili tu: ama alipe kidogo kwa mibofyo isiyofaa, ama wanunuzi waongezeke miongoni mwa wanaobofya.

Tuuangalie mlango wa kwanza. Katika akaunti ya Google Ads kuna ripoti inayoonesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla tangazo lako halijawatokea. Ifungueni ripoti hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Fundi aliyelipia neno "kitanda" kwa ulinganisho mpana anaweza kukuta amelipia mtu aliyetafuta picha za vitanda, kijana anayetafuta kazi ya useremala, mwanafunzi anayetaka kujua jinsi ya kutengeneza kitanda, na muuguzi anayetafuta kitanda cha hospitali. Wote hao ni watu wema, lakini si wanunuzi wake. Dawa yake ni maneno ya kuzuia: unaiambia kampeni kwamba penye maneno "picha", "ajira", "jinsi ya kutengeneza" au "hospitali", tangazo lisitokee. Kisha unapunguza upana wa maneno unayolipia. Anayeandika "bei ya kitanda cha tano kwa sita" yuko karibu na pochi yake kuliko anayeandika "kitanda" peke yake. Kumbukeni pia kwamba watu wetu hawatafuti kwa lugha moja. Anayeandika "sofa set" na anayeandika "makochi" wanaweza kuwa wanataka bidhaa ileile.

Jambo la pili ni mahali. Mpangilio unaotangulia kuwekwa na Google haulengi tu watu waliopo katika eneo ulilochagua. Huwajumuisha na wale walioonesha kuvutiwa na eneo hilo. Kwa hiyo ukichagua Dar es Salaam ukaacha mpangilio kama ulivyo, unaweza kulipia mbofyo wa mtu aliyeko Mwanza au nje ya nchi. Chagueni mpangilio wa watu waliopo. Na hata ndani ya mkoa wetu, tujiulize tunaweza kuhudumia umbali gani. Kitanda kutoka Keko kwenda Bunju kinahitaji gari la kukodi, na gharama hiyo inaweza kumeza sehemu kubwa ya faida. Ni heri tangazo liishie mahali ambapo mzigo wako unaweza kufika kwa faida.

Jambo la tatu ni mahali tangazo linapotokea. Unapofungua kampeni ya utafutaji, mara nyingi utakuta kisanduku kimekwishawekwa alama ya kuruhusu matangazo yako yaoneshwe pia katika tovuti na programu nyingine za simu. Humo mna michezo ambayo watoto huicheza kwa simu za wazazi wao, na kidole kinachoteleza kwenye tangazo kinalipiwa nawe. Anayeanza na mtaji mdogo aondoe alama hiyo, abaki na watu wanaotafuta.

Jambo la nne ni saa, na hapa pana mtego wetu sisi Waswahili. Ratiba ya matangazo hufuata saa za mashine, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Saa mbili asubuhi kwetu, kwa mashine ni saa 8. Saa kumi na mbili jioni ni saa 18. Mwenye duka anayetaka tangazo lifanye kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akiandika 2 hadi 12, ameagiza lianze saa nane za usiku na lizimwe saa sita mchana. Hakikisheni pia kwamba akaunti ilifunguliwa kwa majira ya Afrika Mashariki, hasa kama ilifunguliwa na mtu mwingine kwa niaba yenu.

La tano ni bajeti ya siku. Msishtuke mkiona siku moja Google wametumia zaidi ya kiasi mlichoweka. Utaratibu wao huruhusu siku moja kufikia hadi mara mbili ya bajeti ya siku, ila kwa mwezi jumla haizidi mara 30.4 ya bajeti hiyo. Aliyeweka shilingi 10,000 kwa siku ajue anaweza kutozwa 20,000 siku yenye watafutaji wengi, na hadi 304,000 kwa mwezi. Anayejua hili mapema hatajikuta hana fedha ya kununulia mbao siku ya Ijumaa.

Turudi kwa fundi wetu. Tuseme ripoti imemwonesha kwamba mibofyo 300 ilitoka kwa watafuta picha na ajira, 250 ilitoka nje ya eneo lake, na 200 ilitoka katika programu za michezo. Jumla ni 750, nusu ya mibofyo yote, na hakuna hata mmoja wao aliyenunua. Akiifunga mifereji hiyo mitatu, atabaki na mibofyo 750 kwa shilingi 150,000. Wanunuzi wakibaki wawilewawile, vitanda vitamwachia 240,000, naye atabaki na 90,000 baada ya tangazo. Hakuongeza hata senti. Aliacha tu kulipia wasiohusika.

Sasa mlango wa pili: kuongeza wanunuzi miongoni mwa wanaobofya. Hapa niruhusuni niseme kwa uwazi jambo linalotuuma. Wengi wetu tunalipia tangazo, mtu anabofya, anafika kwenye ukurasa wetu, anauliza bei, nasi tunamjibu, "Njoo inbox." Tumekwishalipia kuja kwake, kisha tunamfungia mlango kwa mikono yetu. Wekeni bei. Na ikiwezekana, iwekeni ndani ya tangazo lenyewe. Mtu mwenye shilingi 200,000 akiona kitanda ni 650,000, hatabofya, nawe hutalipa. Bei iliyo wazi ni mlinzi wa mlangoni asiyedai mshahara.

Ukurasa nao uendane na tangazo. Tangazo likisema kitanda cha mninga, mtu akibofya akute kitanda cha mninga, si ukurasa wa kwanza wenye makabati, milango na picha ya harusi ya mwenye karakana. Picha ziwe nyepesi, maana mteja wetu anatumia bando alilonunua kwa siku, na ukurasa mzito humfukuza kabla haujafunguka. Google wenyewe hupima mambo matatu na kuyapa alama ya 1 hadi 10: uwezekano wa tangazo kubofywa, uhusiano wake na kilichotafutwa, na ubora wa ukurasa anaofikia mteja. Alama hiyo yenyewe haiingizwi katika mnada, bali ni kipimo cha kukuonesha udhaifu uko wapi. Lakini mambo hayo matatu huangaliwa katika mnada, na anayeyatunza anaweza kupata nafasi nzuri kwa bei ndogo kuliko jirani aliyepania kulipa zaidi. Katika mnada huu, uaminifu na unadhifu vina bei yake.

Kisha kuna simu. Katika mfano wetu watu 30 waliwasiliana na fundi kwa gharama ya 300,000. Kila simu au ujumbe ulimgharimu shilingi 10,000. Tuseme 12 kati yao hawakujibiwa, kwa kuwa mashine ya randa ilikuwa inanguruma na simu ilikuwa mfukoni. Hizo ni shilingi 120,000, sawasawa na faida ya kitanda kimoja. Tumeona kwamba waliojibiwa 18 walitoa wanunuzi wawili. Si ajabu hao 12 wangetoa mmoja. Mkabidhini simu mtu aliye mbali na kelele, mjibu ujumbe siku ileile, na aliyepiga bila kupokewa apigiwe. Fundi akipata mnunuzi wa tatu kwa njia hiyo, huku tangazo likibaki 150,000, atabaki na 210,000.

Ndugu zangu, naomba tusifanye haraka katika kuhukumu. Wanunuzi wawili au watatu kwa mwezi ni idadi ndogo. Wiki moja bila mauzo si ushahidi kwamba kampeni imekufa, na wiki moja yenye mauzo mawili si ushahidi kwamba imepona. Kwa biashara ya bidhaa ghali, pimeni simu na ujumbe, maana hizo ni nyingi na husema mapema. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, mwandike tarehe, msubiri. Na kila anayepiga, muulizeni swali moja la heshima: "Umetufahamu kupitia wapi?" Daftari la shilingi chache lenye safu za tarehe, alikotoka, alichouliza na kama alinunua, litawafundisha mengi kuliko semina yangu.

Lazima niseme pia kwamba zipo biashara ambazo hesabu haitakubali kamwe. Mwenye kuuza vitumbua anayebaki na shilingi 100 kwa sahani hawezi kulipia mbofyo wa shilingi 200, hata kila anayebofya akinunua, isipokuwa mteja huyo arudi tena na tena. Kinyume chake, muuza gesi wa Mwananyamala anaweza kukubali hasara ndogo kwa mtungi wa kwanza, iwapo daftari linaonesha kwamba wateja wake hurudi mtungi unapokwisha. Faida ihesabiwe kwa muda wote mteja anaokaa nawe, lakini ihesabiwe kwa kumbukumbu na si kwa ndoto. Na hesabu ikikataa, kufunga kampeni si aibu. Ni kuokoa mtaji.

Nimalizie kwa haki zenu. Mnaponunua tangazo, ninyi ni watumiaji wa huduma, na mnaye mtoa huduma. Mkimpa wakala kazi ya kuendesha kampeni, akaunti ifunguliwe kwa jina lenu na ninyi muwe wasimamizi wake, ili mkiachana, kumbukumbu zisiondoke naye. Makubaliano yaandikwe, yakitenganisha fedha inayokwenda kwenye tangazo na ujira wa wakala. Daini risiti, na kila mwezi daini ripoti ya maneno yaliyotafutwa. Anayewaahidi nafasi ya kwanza kila siku anaahidi asichokimiliki, kwa kuwa mnada huendeshwa upya kila mtu anapotafuta. Namba ya siri ya simu wala ya kadi msimpe mtu yeyote, awe wakala au ndugu. Kadi ya kulipia tangazo iwe na kiasi kile tu mlichokusudia kukitumia.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Sheria hiyo inawalinda dhidi ya wakala mdanganyifu, lakini inawafunga nanyi pia: ukitangaza mninga, uza mninga. Vilevile, namba za simu za wateja mlizoziandika katika daftari ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiwaruhusu kuzigawa au kuziuza kama bidhaa.

Leo jioni, kabla ya kulala, kila mwenye kampeni afanye mambo matatu. Aandike faida inayobaki kwa bidhaa moja. Aandike ni mibofyo mingapi huleta mnunuzi mmoja. Agawanye ya kwanza kwa ya pili. Bei ya mbofyo ikiwa juu ya jibu hilo, asimamishe kampeni usiku huuhuu, na kesho asubuhi aanze na ripoti ya maneno. Ikiwa chini yake, aendelee kwa amani, lakini asiliache daftari.